Mwanafunzi Apewe Swali

Hotuba hii niliitoa mbele ya wasimamizi na wanafunzi wa shahada ya kwanza, siku ya kufungua mafunzo ya wiki 10 ya utafiti wa saratani. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Waheshimiwa wahadhiri, madaktari na wataalamu wa maabara, wanafunzi wetu wapendwa, mabibi na mabwana,

Nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza nanyi asubuhi hii. Nimeombwa nieleze namna ya kumfundisha mwanafunzi wa shahada ya kwanza utafiti wa saratani. Mbele yangu wamekaa wanaofundisha na wanaofundishwa, na naomba radhi mapema kwamba maneno yangu mengi yatawaelekea wasimamizi. Hata hivyo nawaomba wanafunzi wayasikilize kwa makini, ili wajue wana haki ya kudai nini kutoka kwetu.

Nianze na jambo ambalo nimelibeba moyoni kwa miaka mingi. Nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili nilipokewa katika maabara moja ya saratani kwa likizo nzima ya miezi mitatu. Nilikwenda nikiwa na furaha kubwa, kwa sababu nilikuwa nimempoteza shangazi yangu kwa ugonjwa huo na nilitaka kuuelewa. Niliosha vyombo vya kioo. Nilibandika lebo. Nilijifunza kuvuta kimiminika kwa pipeti bila mkono kutetemeka. Mwisho wa likizo nikasimama mbele ya watu, nikasoma matokeo niliyokabidhiwa yakiwa tayari yamepangwa, nikapigiwa makofi, nikakaa. Hakuna aliyeniuliza swali, na mimi sikuwa nimemuuliza mtu swali tangu siku ya kwanza.

Sisemi haya kwa kudharau kuosha vyombo, kwa maana chombo kichafu kinaweza kuharibu kazi ya miezi sita, na mtafiti anayejiona mkubwa mno kuliko chombo chake hafai kukabidhiwa sampuli ya mgonjwa. Nasema haya kwa sababu nilitoka pale nikiwa nimepata ustadi wa mikono, lakini utafiti wenyewe sikuwa nimeuonja. Je, ni wanafunzi wangapi wametoka katika maabara zetu wakiwa hivyo hivyo? Ni wangapi tumewaandikia barua nzuri za kuwasifu, ilhali hatukuwahi kuwaacha wafikiri hata kwa siku moja?

Jambo langu la leo ni hili: mwanafunzi apewe swali. Apewe swali ambalo jibu lake halimo kitabuni, wala halimo kichwani mwa msimamizi wake. Liwe dogo, la kujibika ndani ya wiki 10, au la kutuonyesha ndani ya wiki hizo kwamba halijibiki kwa njia tuliyoichagua. Katika zoezi la darasani jibu linamsubiri mwanafunzi, na akipotea mwalimu humrudisha njiani. Katika utafiti njia yenyewe bado haijulikani. Mwanafunzi ambaye hajawahi kusimama mahali hapo, akajisikia hajui na mwalimu wake naye hajui, huyo amefundishwa kufuata maelekezo tu.

Miaka kadhaa iliyopita nilimsimamia binti mmoja wa mwaka wa tatu. Kazi yake ilikuwa kupima kama kemikali fulani inaua seli za saratani ya titi zilizokuzwa maabara. Utaratibu ulikuwa umekwisha andikwa, tena kwa mkono wangu mwenyewe: seli zinapandwa katika sahani yenye vishimo 96, baadhi ya vishimo vinatiwa kemikali, vingine vinaachwa bila kuguswa ili viwe kundi la ulinganisho, na baada ya saa 48 tunapima ni seli ngapi zingali hai. Siku ya pili alinijia akiwa na daftari lake mkononi, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeogopa kuonekana hajui: “Mwalimu, kemikali tumeiyeyusha ndani ya kiyeyusho cha DMSO. Mbona vishimo vya ulinganisho havitiwi DMSO?”

Ndugu zangu, swali lile lilikuwa wazi, na bado mimi na wenzangu wenye shahada za uzamivu tulikuwa tumelipita kwa miaka miwili. Nikamwambia arudie jaribio, safari hii vishimo vya ulinganisho vitiwe kiyeyusho peke yake, kwa kiasi kile kile. Seli zikafa. Hazikufa zote, lakini sehemu kubwa ya vifo tulivyokuwa tukivihesabu kuwa kazi ya kemikali yetu ilikuwa kazi ya kiyeyusho. DMSO ikifikia asilimia moja ya kimiminika cha kukuzia, seli za aina nyingi huanza kudhurika, na ndiyo maana watafiti huibakiza chini ya nusu asilimia. Sisi tulikuwa tumevuka mpaka huo bila kutambua, baada ya mmoja wetu kubadilisha vipimo vya kuchanganyia. Ilinibidi niuondoe muhtasari ambao nilikuwa nimekwisha upeleka kwenye mkutano wa kitaaluma. Iliniuma sana. Lakini kama yule binti asingeuliza, tungeendelea kuijenga nyumba juu ya mchanga, na pengine mtu mwingine mahali pengine angeitumia miaka yake kuifuatilia kemikali isiyo na uwezo tuliouhubiri.

Aliwezaje kuliona tusiloliona? Sidhani ni kwa sababu alikuwa na akili kutuzidi, ingawa akili alikuwa nayo ya kutosha. Nilikuwa nimemwekea sharti moja tu: kabla ya kufanya hatua yoyote aandike katika daftari kwa nini hatua hiyo inafanywa, na asipojua asiifanye mpaka aulize. Alipofika kwenye mstari wa vishimo vya ulinganisho, akashindwa kuandika kwa nini. Nawaombeni, wasimamizi wenzangu, sharti hili mlichukue. Halihitaji mashine wala fedha. Linahitaji msimamizi awepo, na awe tayari kuulizwa jambo ambalo litamgharimu.

Sasa niwapeleke kwenye jambo la pili, ambalo ni kumfundisha mwanafunzi kutazama kabla ya kuhukumu.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya, juu na chini, kulia na kushoto. Hakuwahi kuona jambo kama hilo, naye akampiga picha. Muda mfupi baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja, akatupa jicho nje ya dirisha, akamwona mtoto mwingine ana uso uliovimba vile vile. Angeweza kuendelea na kazi zake za wodini, maana alikuwa nazo nyingi. Alitoka nje kumtazama mtoto. Baada ya hapo akapekua kumbukumbu za wagonjwa, akatuma picha na maswali kwa hospitali za mbali, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakaendesha gari takribani kilomita 16,000, kutoka Uganda kuelekea kusini mwa Afrika na kurudi, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza kama kuna aliyewahi kumwona mtoto wa namna ile. Majibu yalipochorwa kwenye ramani yakafuata maeneo yenye joto na mvua, kama malaria inavyoyafuata.

Vyombo vyake vilikuwa vipi? Picha, barua, gari na ramani. Nawaambia hivi hasa ninyi wanafunzi wa takwimu, wa jiografia na wa kompyuta mliojiuliza mlipopata mwaliko kama mmeitwa kwa makosa. Kwa makadirio ya IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 2022 watu takribani milioni 20 waligunduliwa kuwa na saratani, na watu milioni 9.7 walifariki kwa ugonjwa huo. Makadirio kama haya huanzia kwenye rejista za saratani, pale mtu alipokaa akaandika umri wa mgonjwa, mahali uvimbe ulipoanzia, tarehe ya kugunduliwa na aina ya seli. Palipo na rejista dhaifu kuna wagonjwa wasiohesabiwa, na asiyehesabiwa hapangiwi dawa. Mwanafunzi anayeweza kugundua kwamba mgonjwa mmoja ameandikwa mara mbili kwa majina yaliyogeuzwa anafanya utafiti wa saratani sawasawa na yule aliyevaa glavu.

Turudi kwenye hadithi. Mwezi Machi mwaka 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti aliyekuwa akichunguza virusi vinavyosababisha saratani kwa kuku. Epstein alihisi kwamba nyuma ya uvimbe ule kuna kirusi, akapanga vipande vya uvimbe viwe vinasafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Akatafuta kwa zaidi ya miaka miwili, asipate kitu. Mwishoni mwa mwaka 1963 ndege iliyobeba sampuli ikashindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester, na sampuli ilipomfikia baada ya kuchelewa, kimiminika chake kilikuwa kimepoteza uangavu. Kila aliyefundwa maabara anajua anachotakiwa kudhani hapo: bakteria wameingia, mwaga. Epstein hakumwaga. Aliweka tone chini ya hadubini kwanza. Hakuona bakteria. Aliona seli za uvimbe, hai, zimejitenga moja moja na zinaelea. Zilikuwa zimebanduka kutoka kwenye kipande cha uvimbe njiani, na kwa kuziona hivyo akapata wazo la kuzikuza zikiwa zinaelea, jambo lililowashinda kwa muda wote walipokuwa wakikuza vipande. Mapema mwaka 1964, kupitia hadubini ya elektroni, chembe za kirusi zikaonekana ndani ya seli hizo. Hicho ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, na leo tunakiita Epstein-Barr.

Yvonne Barr, aliyefanya kazi hiyo pamoja na Epstein na ambaye jina lake limo katika jina la kirusi hicho, alikuwa bado hajapata shahada yake ya uzamivu. Mwenzao wa tatu alikuwa Bert Achong, mtaalamu wa hadubini ya elektroni kutoka Trinidad. Jina lake halikuingia kwenye jina la kirusi, ingawa limo katika makala waliyoichapisha mwaka 1964, nami hulitaja kila ninapoisimulia habari hii.

Wanafunzi wangu, mtakutana na chupa zenye kimiminika kilichochafuka. Mara 99 katika 100 watakuwa ni bakteria au kuvu kweli, na mtamwaga. Lakini tazameni kwanza, andikeni mlichokiona, ndipo mmwage. Nanyi wasimamizi, msimkemee mwanafunzi kwa kuchelewa dakika tano kwenye hadubini.

Jambo la tatu nalisema kwa uzito, kwa sababu linamhusu mgonjwa. Mwanafunzi anaposhika chupa ya seli, anajua ameshika nini?

Mwaka 1951 Henrietta Lacks, mama wa watoto watano, alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Kipande cha uvimbe wake kilichukuliwa bila yeye kuombwa ridhaa, na mwezi Oktoba mwaka huo huo akafariki akiwa na umri wa miaka 31. Seli zake ziliendelea kugawanyika, zikawa ukoo wa kwanza wa seli za binadamu kukua maabara bila kukoma, zikaitwa HeLa kwa herufi za mwanzo za majina yake, zikasambazwa duniani kote. Familia yake haikuelezwa chochote mpaka miaka ya 1970.

Habari hii ina upande wa pili, ambao wanafunzi huusikia mara chache. Seli za HeLa hukua kwa kasi, na tone moja likiingia katika chupa ya seli nyingine, baada ya muda HeLa ndizo zinazobaki. Mwaka 1966 Stanley Gartler aliwaeleza watafiti wenzake kwamba koo 18 za seli zilizodhaniwa kuwa za watu mbalimbali zote zilikuwa na alama moja ya kimeng'enya, na kwamba kwa kila dalili zilikuwa HeLa. Watu walikuwa wamekaa miaka wakichunguza seli walizoamini ni za kiungo kimoja, kumbe ni za kiungo kingine. Hawakufurahi kuambiwa. Wengine waliendelea kama vile hawakusikia, na tatizo lile halijaisha hadi leo, ingawa kipimo cha vinasaba cha kuthibitisha ukoo wa seli kipo na si kigumu.

Mimi nayaona mambo haya mawili kuwa kitu kimoja. Aliyesahau kwamba ndani ya chupa kuna mtu, ndiye pia anayesahau kuuliza ni mtu gani. Kwa hiyo naomba fomu ya ridhaa isiwe karatasi ambayo mwanafunzi anaambiwa iko kabatini. Aisome yote. Akae siku moja na mtaalamu wa patholojia, aone kipande cha uvimbe kinavyopokewa, kinavyokatwa vipande vyembamba, kinavyotiwa rangi na kinavyosomwa, na asikie ukimya wa chumba pale jibu linapokuwa baya.

Kuhusu muda nitasema machache. Wiki 10 hazitoshi kugundua dawa, na msimamizi asimdanganye mwanafunzi. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, aliyekuwa bado mwanafunzi wa uzamivu, walitangaza kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika saratani ya damu ya aina moja. Mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha kwamba ule ufupi ulitokana na kromosomu mbili, ya 9 na ya 22, kubadilishana vipande. Dawa ya imatinibu, iliyolenga kosa lile lile, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001. Kutoka kromosomu hadi kidonge ni miaka 41. Kazi ya mwanafunzi ni kuiandika hatua yake vizuri kiasi kwamba anayefuata aweze kuikanyaga bila kuanguka, na daftari lisilosomeka ni hatua iliyopotea.

Nimefika kwenye jambo gumu kuliko yote, nami naomba mnivumilie nikilikalia kidogo.

Miaka ya 2000, katika chuo kikuu kimoja kikubwa cha Marekani, watafiti walitangaza kwamba wanaweza kusoma jeni za uvimbe na kutabiri ni dawa gani itamfaa mgonjwa gani. Habari hiyo ilishangiliwa, na wagonjwa wakaanza kuandikishwa katika majaribio ya tiba yaliyojengwa juu yake. Wataalamu wawili wa takwimu huko Houston, Keith Baggerly na Kevin Coombes, walijaribu kuyarudia mahesabu, wakakuta orodha za jeni zimesogea kwa mstari mmoja katika jedwali la kompyuta, na mahali pengine seli zinazoitikia dawa zimepewa lebo ya seli sugu. Wakaandika, wakapinga, wakapuuzwa kwa muda mrefu. Baadaye majaribio yale yalisimamishwa na makala nyingi zikaondolewa.

Lakini kulikuwa na mtu mwingine aliyeona kabla ya mambo kuwa wazi, tena akiwa ndani ya maabara ile ile. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa tiba aliyekuja kujifunza utafiti. Mwaka 2008 aliandika waraka mrefu akieleza mashaka yake moja baada ya jingine. Viongozi walimshauri alimalize jambo hilo ndani kwa ndani, asilitoe nje. Akaiacha maabara, akaomba jina lake liondolewe katika makala, akaanza upya mwaka wake wa utafiti mahali pengine. Na wagonjwa, ndugu zangu, waliendelea kuandikishwa.

Najiuliza, na nawauliza ninyi: angekuja kwetu, tungemsikiliza? Ni rahisi kujibu ndiyo tukiwa katika ukumbi huu. Siku mwanafunzi anapogonga mlango, makala iko karibu kuchapishwa, fedha za mradi zinategemea makala hiyo, na anayegonga ana umri wa miaka 21. Jibu la siku hiyo haliandaliwi siku hiyo. Linaandaliwa mwanzoni mwa mafunzo, kwa kumwambia mwanafunzi mbele ya watu wote kwamba akiona kosa aliseme, na kwa kumwonyesha mtu wa pili wa kumwendea, asiye msimamizi wake wala asiye chini ya msimamizi wake. Sisi tumemteua mtu huyo. Yupo hapa, amesimama pale karibu na mlango, na namwomba ainue mkono ili kila mwanafunzi amwone sura.

Namalizia kwa kueleza yatakayotokea Jumatatu. Kila mwanafunzi wa maabara atakabidhiwa daftari tupu na chupa mbili za seli zenye namba tu, bila jina la ukoo. Mmoja wa wasimamizi anajua zilizomo, lakini ameapa kutosema. Kazi ya wiki ya kwanza ni kueleza kwa maandishi, kwa kutazama tu, chupa hizo mbili zinafanana wapi na zinatofautiana wapi, kisha kupendekeza kipimo cha kuthibitisha. Wanafunzi wa takwimu watapewa jedwali la rejista lililofutwa majina, ambalo tunajua lina makosa lakini hatujui ni mangapi. Wasimamizi watakuwapo kila siku kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi, simu zikiwa zimezimwa, na katika saa hizo hawatakuwa na kazi nyingine isipokuwa kuulizwa.

Chupa ziko tayari kwenye kabati lenye joto la nyuzi 37. Nilizitazama jana jioni. Moja imeanza kubadilika rangi, na tumeiacha vile vile.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.